Baba Mkwe, Mapafu Yangu na Maneno ya Herufi Tano

Kama wiki hii umeambiwa una kifua kikuu, kaa chini kwanza. Usikimbilie kwa jirani, atakulilia wakati wewe bado unapumua. Kaa, sali, kunywa uji wako wa moto, halafu soma haya. Mimi nilikuwa huko na nimerudi, na nimenenepa.

Naitwa Sekela, mama Lugano, wa Mbalizi. Nina watoto watano na mume mmoja, Ambakisye, fundi seremala. Kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la jioni pale kanisani, nikiwa tayari nimezaa wanne. Tulianza na Kiswahili, baadaye mwalimu akatupa kitabu cha kwanza cha Kiingereza. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na mambo ya kidaktari siyajui. Najua tu yaliyonipata.

Kikohozi kilianza wakati wa kuvuna mahindi. Nikasema ni vumbi la mabua. Mahindi yakaingia ghalani, baridi ya mwezi wa sita ikaja, ya mwezi wa saba ikaja, kikohozi kimekaa tu kama mgeni asiyeaga. Nikaanza kukonda. Gauni langu la kanisani nilikuwa nalibana kiunoni kwa pini, na wenzangu wa kwaya wananiambia nimependeza, nimekuwa msichana. Jumapili moja katikati ya wimbo nikakohoa kwenye leso. Nikatazama, ni damu. Nikaikunja leso, nikamaliza ubeti, maana sauti ya pili siku hiyo tulikuwa wawili tu.

Kule Mbeya kwenye kiliniki ya kifua kuna benchi refu. Watu wote wamegeuza nyuso ukutani, kila mmoja anamwogopa mwenzake asimwambukize, na wote tuna ugonjwa ule ule. Tulikaa hivyo tangu asubuhi mpaka jua la saa nane. Daktari, Mzungu mmoja mrefu, akaishika picha yangu dirishani, akanionyesha tundu kwenye pafu la kulia, juu, kubwa kama kifungo cha koti. Akasema nitapelekwa hospitali ya misheni upande wa Iringa, nitakaa huko muda mrefu.

Nyumbani pakawa pagumu. Mama mkwe alisema wazi, mbele ya watu, "Ni kule kusoma. Mwanamke ana watoto watano anakaa na kitabu cha Kizungu, moshi wote wa kibatari unamwingia kifuani."

Ambakisye akasema, "Mama, na mimi nakaa kwenye moshi huo huo."

"Wewe husomi."

Mama mkwe akachukua watoto wawili, dada yangu akachukua wawili, na Bupe, mdogo kabisa, ambaye alikuwa hajui hata kuvaa gauni mwenyewe, akabaki na baba yake. Asubuhi ya kuondoka hakulia. Alinishika kidole kimoja, akakivuta, kama mtu anayejaribu mlango umefungwa vizuri au vipi. Nikapanda basi.

Tulishuka Nyololo kwenye ukungu, huoni mtu mpaka akugonge. Gari la hospitali likatuchukua, likapanda milima mpaka kwenye jengo refu la bati lenye baraza mbele. Hapo ndipo nilipoishi.

Matibabu nitakueleza kwa ufupi. Kila asubuhi sindano, leo tako hili, kesho lile, mpaka unakaa upande kama kuku anayeatamia. Baada ya chakula unga mchungu unaochanganywa na maji, ukiumeza tumbo linauliza ni nani huyo. Masikio yalianza kulia ndani, kama nyuki kwenye mzinga, na nikisimama haraka sakafu inainama. Ukipata hayo, mwambie nesi, usinyamaze. Mimi nilimwambia, wakapunguza, nyuki wakahama.

Lakini daktari wa pale alisema dawa kubwa ni kulala. Kulala barazani kwenye jua na hewa, kimya, bila kuinuka, asubuhi saa kadhaa na mchana saa kadhaa. Pafu ni kama kidonda, alisema, ukikikunjua kila mara hakifungi.

Wewe mwenzangu unayelima, umewahi kulala mchana bila kuinuka? Ni kazi. Mikono inawasha. Unalikumbuka shamba, unamkumbuka Bupe, unataka kutembea tu. Aliyetuokoa ni Mwalimu Agnesi, Mhehe, mwalimu wa shule ya wasichana, mwembamba, mcheshi, kitanda chake kimegusana na changu. Alikuwa na kibao cha shule. Kila asubuhi tukishalala aliandika namba na herufi mbili, akakisimamisha kifuani pake tuone wote.

"Tano," alisema. "Iwe na A na B. Kwa Kiingereza. Atakayeinuka kitandani amekosa."

Maana yake tutafute neno la Kiingereza lenye herufi tano, na ndani yake ziwemo hizo mbili. Mnalala, mnatazama bati, mnatafuta. Kengele ya mwisho wa kulala ikilia, ndipo mnasema. Siku ya kwanza nilipata bread, yaani mkate, nikafurahi kama nimeuoka mwenyewe. Mwanamke mmoja wa Nyololo ambaye hakujua Kiingereza kabisa alilala kimya vile vile, halafu akasema, "Mimi nimepata la Kibena, ila silisemi." Tukampa alama.

Hivyo wiki zilipita. Mizani ilianza kupanda. Kwenye barua Ambakisye aliandika Bupe ameota jino la nyuma. Nikaona nitafika nyumbani kabla hajanisahau.

Mvua za kwanza zilipoanza, baba mkwe akaletwa.

Yeye alikuwa anakohoa siku nyingi, kumbe na yeye ni hicho hicho. Wanaume walilala upande wa pili wa jengo, lakini baraza ilikuwa moja, imekatwa katikati kwa kiukuta kinachofika kiunoni. Na kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Si ugomvi, ni heshima, tena kubwa. Nikisikia sauti yake, naondoka. Nikikutana naye njiani, naingia kwenye migomba, nachuchumaa mpaka apite. Jina lake sijawahi kulitaja, na hapa pia silitaji. Wachungaji wametuambia si lazima hivyo kwa Mkristo, lakini hawajatukataza, na mimi nimelelewa hivyo. Tangu niolewe sijamwona uso. Namjua kwa kofia tu, kwa mbali.

Sasa baba mkwe zamani alikuwa mpishi wa Wazungu kule kwenye dhahabu ya Chunya. Kiingereza chake chote ni cha jikoni, na sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo anasema kwa nguvu. Na Nesi Veronika, ambaye alipenda mchezo wetu kuliko sisi, alikuwa amekwisha kuupeleka kwa wanaume.

Siku aliyoanza, herufi zilikuwa N na O. Nimelala, nina neno langu tayari, hata kengele bado. Nikasikia kutoka nyuma ya kiukuta, "Onion! Kitunguu!"

Niliijua sauti. Nikajifunika kanga kichwani, nikainuka, nikaingia ndani mbio mpaka chooni.

Nilirudi alipokwisha kunyamaza. Kesho yake, "Spoon! Kijiko!" Nikakimbia. Kesho kutwa, "Plate! Sahani!" Nikakimbia. Yule mzee alijua kila kitu kilichomo kabatini, na kila alichokitaja kilinitoa kitandani. Kuna asubuhi ambazo nilikaa chooni muda wote wa kulala, nimesimama, natweta.

Mwalimu Agnesi alinicheka. "Mama Lugano amekimbia tena na neno lake. Utatumalizia alama."

Kabla ya Krismasi tulipelekwa Iringa mjini kupiga eksirei, baadhi yetu. Majibu yaliporudi daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. Tundu liko vile vile. Halijapungua. Alisema watangoja picha nyingine, baada ya mvua za masika. Kama tundu halijafunga, watanihamishia hospitali kubwa ya kifua kule kaskazini, upande wa Kilimanjaro, kwenye wapasuaji. Nikamuuliza ni muda gani. Akasema hajui, labda mwaka, labda zaidi.

Nikahesabu umri wa Bupe kichwani. Nikaacha kuhesabu.

Siku ile jioni Nesi Veronika alikuja na kiti. Yeye ni Mbena, mnene, maneno yake hayana sukari.

"Mama Lugano, kamwene, hujambo. Choo chetu kina nini? Kila tukilala, wewe choo."

"Nesi, si choo."

"Ni nini?"

"Ni yule mzee anayesema kitunguu."

"Amekutukana?"

"Ni baba mkwe wangu."

Hakujua, maana pale waliniandika kwa jina la baba yangu mzazi. "Yule Mwa..." akataka kumtaja, nikaziba masikio.

"Nisamehe. Kwa hiyo wiki hizi zote una tundu kwenye pafu na unamkimbia baba mkwe?"

"Sikimbii. Naondoka."

"Unaondoka kama mbuzi aliyeona mvua. Na sisi Wabena tuna adabu kwa wakwe, lakini si mpaka kufa. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Kumsema ni kumtaja."

Akanyanyuka na kiti chake, akaenda zake upande wa wanaume. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na yeye mwenyewe. Mzee alijua niko hospitali, ila alidhani wanawake wanalala jengo la nyuma. Alipoambiwa kwamba niko hatua chache, nyuma ya kiukuta, na kila akisema naruka kitandani, alishika kichwa. Akauliza, "Hata siku ya sahani?" Veronika akasema, hata siku ya sahani. Basi mzee akachukua blanketi lake na mto, akahamia baraza ya nyuma.

Baraza ya nyuma haina jua. Inatazama milima ya chai, na upepo wake unapita moja kwa moja kwenye mifupa.

Kwa hiyo baraza ikawa yangu. Nililala kimya kama alivyotaka daktari. Lakini nikawa nasikia kikohozi kule nyuma, kwa mbali, kila siku kinazidi kuwa kizito. Wanaume wenzake walimbembeleza arudi, akakataa. Mwalimu Agnesi aliandika herufi zake, mimi sipati hata neno. Nikasali, nikamwambia Mungu, Baba, umenipa jua, lakini ni jua la mzee wa watu. Siwezi kupona nalo.

Nikamwambia Agnesi. Akafikiri, kibao kifuani. "Nyumbani kwenu mnafanyaje, kama ni lazima mpite mahali pamoja?"

"Tunaweka kitu katikati. Ukuta, migomba, chochote. Nisimwone."

"Basi kiukuta hicho kinahitaji kurefuka tu."

Nikamwandikia Ambakisye alete mkeka mkubwa. Alikuja mwezi wa pili, mkeka umefungwa juu ya basi, yeye mwenyewe ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Tukaufungua. Nimeona mikeka mingi, lakini ule ulikuwa umebanwa hata sindano haipiti.

"Nani amesuka?"

"Mama," akasema. "Hakumwachia mtu. Anakusalimu. Amesema usukaji ni wa kubana ili asionekane mtu, na amesema upone."

"Amesema upone, au umeongeza wewe?"

"Amesema. Halafu akasema ukirudi usishike kitabu. Hilo ningeweza kuliacha, lakini nimeamua nilete salamu zote."

Nilicheka mpaka nikakohoa, na haikutoka damu.

Mkeka ukatundikwa juu ya kiukuta, kutoka dari mpaka chini. Lakini sauti je? Mkeka hauzuii sauti. Mzee alikataa kurudi kwenye jua mpaka jambo hilo lisemwe, akamtuma Veronika na maneno yake. Nesi akasimama kwenye mwisho wa mkeka, mguu mmoja kwetu na mmoja kwao, akasema kama mtu anayesoma tangazo.

"Anasema, huyo wa upande wa pili aambiwe, sauti yangu nimemruhusu aisikie. Yeye mgonjwa, mimi mgonjwa, na hapa si kwangu. Asiinuke tena. Heshima yake nimeiona, imetosha. Tukifika nyumbani tutaendelea nayo."

Nikasema, "Nesi, mwambie ndaga, asante. Mwambie nimesikia."

Mzee akarudi kwenye jua. Tangu siku hiyo mchezo ukawa wa pande mbili, sisi na wao, na mimi na baba mkwe tulizungumza kuliko miaka yote ya ndoa yangu, ila kila neno limepita kwa Veronika, hata kama mwenyewe amelisikia.

"Nesi, mwambie huyo wa upande wa pili, sugar ina herufi tano, nimezihesabu kwa vidole," mzee alisema.

"Nesi, mwambie sugar haina E. Leo tumeambiwa E na R."

"Nesi, mwambie, chai gani haina sukari?"

"Nesi, mwambie water ina E na R, na ndiyo chai yenyewe kabla ya kuwekwa majani."

Halafu mzee, kwa sauti yake ile ile, "Nesi, huyu mtoto mwanangu alimtoa wapi?"

Veronika hakunipa hilo, lakini nililisikia, na nilikaa nalo mchana kutwa.

Masika yakanyesha, yakapungua. Siku ya picha ikafika. Gari la hospitali lilikuwa pikapu ya dereva na kiti kimoja mbele, na nyuma benchi mbili chini ya turubai. Mbele alikaa mama mmoja mja mzito sana anayepelekwa mjini. Nyuma tulikuwa sita, na katika sita hao, mimi na baba mkwe. Hakuna mkeka kwenye gari. Na mashine ya Iringa ukikosa siku yako, unangoja tena, na daktari alikuwa amekwisha kuandika kule kaskazini kuuliza nafasi yangu.

Nilifika kwenye gari, nikaona kofia ndani. Nikasimama. Miguu ilitaka kuondoka yenyewe, ilizoea. Mwalimu Agnesi alikuwa ameshapanda, ananinyooshea mkono. Dereva anapiga honi, Nesi Veronika amesimama kando ya gari akituhesabu.

Ndipo nikamsikia mzee ndani ya turubai. "Nesi, mwambie apande. Mimi sipo."

Nikainua macho kidogo. Pale kwenye kona ya benchi pamekaa blanketi la hospitali limesimama wima, limefunika kichwa, uso, mikono, mpaka magoti, kama bibi harusi wa pwani. Kofia ameiweka pembeni kwenye benchi, yenyewe tu. Watu wanajizuia wasicheke. Yule mama wa Nyololo alikuwa ameuma kanga yake.

Mtu ambaye mimi ndiye wa kujificha mbele yake, amejificha yeye.

Nikapanda. Nikakaa kona ya pili, nikampa mgongo.

Barabara ya Iringa ni mabonde na mashimo, na kila mtu mle ndani alikuwa na hofu yake. Agnesi hakuleta kibao, akasema kwa mdomo, "Sita. Iwe na T na O."

Tukafikiri. Vumbi likaingia. Nikasema, "Mother."

Blanketi likasema, "Potato."

Hapo hapakuzuilika tena. Tulicheka watu sita wenye vifua vibovu mpaka dereva akasimamisha gari kuja kuona nani amekufa.

Majibu yaliletwa baada ya wiki. Daktari aliishika picha yangu kwenye mwanga, akaishika na ile ya zamani, akazibadilisha mikono. Nilikuwa nimeshika shuka. Mwalimu Agnesi, kitandani kwake, midomo inasali. Daktari akaweka kidole mahali, akasema, "Hapa ndipo palipokuwa na tundu. Ninaona kovu."

"Na kule kaskazini?"

"Nitawaandikia kwamba huji."

Picha ya mzee ilikuwa nzuri kuliko mwanzo, lakini bado. Akabaki mpaka mavuno. Agnesi naye akabaki. Mimi nikaambiwa niendelee na vidonge nyumbani na nisilime msimu mmoja, na hilo nalo mwenzangu ulishike, hata kama shamba linakutazama.

Bupe hakunijua. Alikaa nyuma ya mguu wa baba yake siku nzima. Nisikufiche, iliniuma kuliko sindano zote. Lakini watoto wana njaa, na mwenye sufuria hujulikana upesi. Siku ya tatu alikuja mwenyewe akanikalia mapajani. Mama mkwe alinipokea na maziwa ya mgando, akanishika mkono juu ya kiwiko akiupima, akasema, "Nyama ipo." Kitabu hakukitaja, na mimi sikukificha.

Baba mkwe alirudi wakati wa mahindi. Kama alivyosema, tuliendelea na heshima yetu. Juzi alikuja uani kwetu kumwona mwanawe, mimi niko jikoni naweka maharage. Nikasikia fimbo, nikasikia anakohoa kile cha kusafisha koo tu, si kile kingine. Zamani ningetoka kwa mlango wa nyuma na kukaa kwenye migomba mpaka aondoke. Sikutoka.

Akamwita Bupe. "Mjukuu wangu, mwambie huyo wa jikoni. Tano. Iwe na F na R."

Bupe akaja mlangoni, amesahau herufi zote njiani. "Mama, babu anasema nini?"

"Nimesikia. Mwambie nafikiri."

Kuni zilikuwa mbichi, moto umezimika. Nikapiga magoti, nikavuta pumzi mpaka chini, yote, pande zote mbili, nikapuliza mara moja tu. Ukawaka.